Anayetoa Shamba kwa Utafiti Asitoke na Hasara

Katika nchi zenye viwanda vikubwa upo mjadala ambao ukiusikia kwa mara ya kwanza utadhani haumhusu hata kidogo mtu wa Uyole. Wanaojadiliwa ni watu wanaotoa nguvu za kompyuta zao kwa wanasayansi, na swali ni kama watu hao walipwe fedha au waendelee kutoa bure. Nimeufuatilia mjadala huo kwa makini, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuona kwamba swali lile lile linatukabili sisi wa Nyanda za Juu Kusini, ila kwetu kinachotolewa si kompyuta bali ardhi.

Tuanze na hizo kompyuta. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani, kilianzisha mpango ulioitwa SETI@home. Mtu yeyote mwenye kompyuta aliombwa aweke humo programu ndogo ambayo, wakati mwenyewe amekwenda kula au kulala, ingeifanyisha mashine ile kazi ya kuchambua ishara za redio zitokazo angani, ili kuchunguza kama kuna viumbe wenye akili mahali pengine. Watu zaidi ya milioni tano waliitika, na hakuna aliyeahidiwa hata senti moja. Alichopata kila mmoja ni pointi, na jina lake kuonekana katika orodha ya waliofanya kazi nyingi. Mpango huo ulisitisha kugawa kazi Machi 2020, na viumbe wale hawajaonekana hadi leo. Lakini njia uliyoifungua ilikwisha kutumika kwa mambo ya duniani yenye manufaa zaidi. Mwaka huo huo wa 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, mamia kwa maelfu ya watu walijiunga na mpango mwingine, Folding@home, unaochunguza maumbo ya protini, na kwa muda kompyuta hizo za majumbani zikiunganishwa zilikuwa na nguvu kupita kompyuta kubwa kuliko zote ulimwenguni.

Miongoni mwa mipango hiyo ulikuwamo mmoja uliotugusa sisi moja kwa moja. Kuanzia 2005 hadi 2016 Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ile ile iliyofungua maabara yake Ifakara katika miaka ya 1950, iliendesha mpango wa MalariaControl.net. Kompyuta za watu wa kujitolea wa Ulaya, Marekani na kwingineko zilifanya hesabu za jinsi malaria inavyoenea, na za nini kingetokea kama vyandarua au chanjo vingetumika kwa namna hii au ile. Sasa, hesabu hizo hazikutoka hewani. Zilijengwa juu ya takwimu, na sehemu ya takwimu hizo zilitoka Namawala na vijiji vingine vya bonde la Kilombero, chini tu ya milima ya Iringa, ambako wanavijiji walikubali kutolewa damu na kupimwa, na nyumba zao kutegwa mbu. Yupo mtu aliyekaa usiku kucha miguu wazi akiwakamata mbu wanaotua juu ya ngozi yake ili wahesabiwe. Mwenye kompyuta wa Ujerumani aliandikiwa pointi zake hadi nukta ya mwisho. Mwenye mguu wa Kilombero hana orodha ya pointi.

Hapo ndipo linapoanzia swali la malipo. Tangu 2013 ipo sarafu ya kompyuta iitwayo Gridcoin, ambayo humlipa mwenye kompyuta kwa kadiri ya kazi ya kisayansi ambayo mashine yake imefanya. Wanaoitetea wanasema kwamba mtu anayeacha kompyuta yake ifanye kazi usiku na mchana anatumia umeme wake, anaichakaza mashine yake, na ni haki arudishiwe. Wanaoipinga wanasema kwamba fedha ikiingia, moyo wa kujitolea hutoka. Kwamba watu watakuja kwa ajili ya sarafu, na siku bei ya sarafu ikianguka wataondoka wote kwa pamoja.

Hoja ya umeme si ndogo, na kwa mfanyakazi wa Tanzania ni kubwa zaidi. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 150 mfululizo kwa saa 24 hula uniti 3.6 kwa siku. Kwa mtumiaji wa nyumbani asiye katika kundi la watumiaji wadogo, uniti moja pamoja na kodi zake ni zaidi ya shilingi 350. Hiyo ni kama shilingi 1,260 kwa siku, karibu shilingi 38,000 kwa mwezi. Mwalimu wa shule ya msingi anayeambiwa aitoe kompyuta yake kwa ajili ya sayansi ya dunia anaambiwa kwa kweli atoe fedha hizo. Mtu wa Uswisi hatazihisi, mwalimu wa Mbalizi atazihisi. Kwa hiyo neno “kujitolea” halina uzito ule ule kila mahali: ukubwa wa zawadi hupimwa kwa kile kinachobaki mfukoni mwa aliyetoa.

Tukiwa na kipimo hicho mkononi, na turudi nyumbani.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, kilichopo karibu na makutano ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia na ile iendayo Tukuyu, Kyela na Malawi, kilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki katika miaka ya 1970, na leo kimo katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliyoundwa kwa Sheria namba 10 ya 2016. Kazi zake hazihitaji kutangazwa hapa. Mama anayepika maharage Mbozi, Makete au Mufindi anazijua Uyole 84, Uyole 90, Uyole 96 na Njano Uyole, hata kama hajawahi kulikanyaga lango la kituo. Mkulima wa mahindi anaijua UH 615. Kwa ajili ya kazi kama hizo nyanda hizi ziliitwa ghala la Taifa, na katika mji wa Iringa, mwaka 1972, ndiko TANU ilikotangaza kwamba siasa ni kilimo.

Lakini mbegu haizaliwi ndani ya uzio wa kituo peke yake. Shamba la kituo lina udongo wa aina moja, mvua ya mahali pamoja, na wafanyakazi wanaopalilia kwa ratiba. Mkulima wa Umalila hana hayo, wala wa Ismani ambako mvua ni chache, wala wa milima ya Uporoto ambako ukungu haukauki hadi saa nne. Ndiyo sababu kila aina mpya ya mbegu, kabla ya kuruhusiwa, haina budi kupelekwa katika mashamba ya wakulima wenyewe ikajaribiwe mahali pengi. Kwa desturi iliyozoeleka mtafiti huleta mbegu, pengine na mbolea, naye mkulima hutoa kipande cha ardhi na nguvu zake. Mkulima hulima, hupanda kwa kamba, hupalilia na kulinda. Mavuno yakiwapo, hupimwa na kuachiwa yeye.

Hivi karibuni njia hiyo imepanuliwa na kufanana zaidi na ile ya kompyuta. Mtafiti Jacob van Etten na wenzake walieleza mwaka 2019 jinsi walivyowagawia wakulima wa Nicaragua, Ethiopia na India pakiti ndogo za mbegu, kila mkulima aina chache tu, azipande kwake mwenyewe na kusema ipi imemfaa zaidi na ipi imemfaa kidogo. Jumla ya ploti zilikuwa 12,409. Hakuna kituo cha utafiti duniani ambacho kingeweza kumiliki mashamba yaliyotawanyika kiasi hicho. Kama vile kompyuta ndogo elfu kwa elfu zilivyoishinda kompyuta kubwa moja, ndivyo vijishamba vidogo elfu kwa elfu vinavyoweza kusema jambo ambalo shamba kubwa moja haliwezi kulisema.

Basi na tuuangalie upande wa mkulima, maana huo hauandikwi sana.

Tuchukue mfano wa viazi, kwa kuwa ndilo zao linaloilisha Uporoto na kujaza malori ya kwenda Dar es Salaam. Adui mkubwa wa kiazi katika milima yenye ubaridi na unyevu ni bakajani, ugonjwa unaoweza kulifanya shamba la kijani liwe jeusi kwa siku chache tu. Mtafiti anataka kujua aina mpya ya kiazi inauvumilia ugonjwa huo kwa kiasi gani. Hawezi kujua kama ploti zote zimepigwa dawa. Sharti baadhi ya mistari iachwe bila dawa, na sharti aina ya zamani, ambayo inajulikana wazi kwamba haivumilii, ipandwe kando yake kwa ajili ya kulinganisha. Maana yake ni kwamba katika jaribio hilo ipo sehemu ya shamba ambayo imepandwa kwa makusudi ili iungue. Kwa sayansi hilo ni jambo la lazima, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini mistari ile ingekuwa lumbesa za viazi, na lumbesa zingekuwa sare na ada za shule. Zaidi ya hayo, vimelea vya bakajani huchukuliwa na upepo, wala haviulizi mpaka wa shamba uko wapi. Jirani aliyepiga dawa yake vizuri huweza kurudishiwa ugonjwa kutoka katika mistari ya utafiti, naye hakuwamo kabisa katika mapatano.

Ploti moja ya mita kumi kwa kumi si kitu, mtu atasema; ni sehemu moja tu ya arobaini ya eka. Ni kweli. Ila jaribio lenye aina tano, kila aina ikirudiwa mara mbili, ni ploti kumi, nazo ni robo eka. Mwenye eka moja na nusu akitoa robo eka ametoa moja ya sita ya ardhi yake yote, kwa msimu mzima, na huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu, unaoanza Novemba. Kilichopotea hakirudiwi Machi kama huko Kilimanjaro au Kagera.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wasomaji wengi wa ukurasa huu, wakiwa watumishi wa umma, wanalifahamu kuliko mimi. Siku ya kukagua jaribio hilo inapofika, gari la ofisi huwasili kijijini. Mtafiti aliyemo ndani yake analipwa mshahara, na kwa siku hiyo analipwa posho ya safari. Dereva analipwa posho. Ofisa wa wilaya aliyefuatana nao analipwa posho. Ikiwa kuna semina ya siku ya wakulima, na wageni wakatoka mkoani, nao wamo. Katika umati huo wote uliolizunguka shamba, mtu mmoja tu ndiye anayeitwa wa kujitolea, naye ni mwenye shamba. Anapewa mkono wa pongezi na, mwaka wa neema, fulana.

Sisemi kwamba posho zile ni haramu. Mtu aliyelala Makete kwa kazi ya Serikali hana budi kula na kulala. Nasema tu kwamba hoja ya kuwa “malipo huua moyo wa kujitolea” husikika vibaya inapotoka katika kinywa cha mtu ambaye mwenyewe hawezi kuhudhuria kikao bila kwanza kuuliza kama kuna bahasha. Kama fedha inaharibu moyo wa mkulima, mbona haijaharibu wa mtaalamu? Na kama haijauharibu wa mtaalamu, kwa nini tumhofie mkulima?

Hata hivyo hoja yenyewe haistahili kutupwa, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Richard Titmuss, mtaalamu wa Uingereza ambaye wazee wa Wizara ya Afya walilijua jina lake kwa vile aliongoza kamati iliyoandika taarifa ya 1964 kuhusu huduma za afya za Tanganyika, aliandika mwaka 1970 kitabu kilicholinganisha utoaji wa damu katika Uingereza, ambako ilitolewa bure, na katika Marekani, ambako kwa kiasi kikubwa ilinunuliwa. Aliona kwamba damu ya kununuliwa haikuwa salama zaidi. Mwenye shida ya fedha ana sababu ya kuficha ugonjwa wake. Anayetoa bure hana sababu ya kusema uongo. Mpango wetu wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza 2004 na wenye kituo chake cha kanda hapa Mbeya, umejengwa juu ya msingi huo huo: mtoa damu hupewa soda na biskuti, hapewi bei.

Wachumi wawili, Gneezy na Rustichini, walichapisha mwaka 2000 habari za shule kumi za watoto wadogo mjini Haifa. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao jioni. Baadhi ya shule zikaweka faini ndogo. Badala ya kupungua, wachelewaji waliongezeka karibu maradufu. Mzazi aliyekuwa akiona haya kumweka mwalimu sasa aliona kwamba analipa, na aliyelipa hana deni. Faini ilipofutwa haya zile hazikurudi. Walimu wetu, nadhani, hawatashangazwa na habari hiyo.

Na katika kompyuta zile za SETI@home, ambako hapakuwa na fedha bali pointi tupu, walitokea watu waliobuni matokeo ya uongo ili wapande katika orodha. Ikabidi kila kipande cha kazi kipelekwe kwa zaidi ya kompyuta moja, majibu yalinganishwe. Ikiwa mtu huweza kudanganya kwa ajili ya pointi, itakuwaje kwa ajili ya shilingi?

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wangu ni wa mvua. Kwa miaka mingi, tangu enzi za ukoloni, sehemu kubwa ya vipimo vya mvua katika Afrika Mashariki iliangaliwa na watu wasiolipwa kwa kazi hiyo: walimu wa shule, watu wa misheni, makarani wa mashamba makubwa. Kila siku saa tatu asubuhi mtu huyo alikwenda kwenye kipimo, akasoma milimita, akaandika katika kitabu. Kazi ni ya dakika tano, lakini ni ya kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Takwimu zake ndizo zilizotufahamisha kwamba huku mvua ni za msimu mmoja na kule ni mbili. Katika kazi hiyo pengo si hatari kubwa. Mtaalamu akiona pengo anajua ni pengo. Hatari ni tarakimu ya kubuni. Mlipe mwalimu kwa kila siku aliyoandika, na siku aliyokuwa safarini ataandika tu, maana siku tupu ni siku isiyolipwa. Usimpe chochote kabisa kwa miaka ishirini, usimrudishie hata karatasi moja ya kumwonyesha takwimu zake zimefanya nini, naye ataacha. Au, vibaya zaidi, kitabu kitajazwa siku moja kabla ya mkaguzi. Malipo mabaya na kutolipa kabisa vimezaa uongo ule ule.

Kwa maoni yangu kosa la mjadala huu, huko Ulaya na hapa kwetu, ni kuchanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenganisha zamani: ujira na fidia. Ujira ni bei ya kazi. Fidia ni kumrudisha mtu mahali alipokuwa. Anayetoa damu hapati ujira, lakini hakuna mtu mwenye akili atakayesema alipe mwenyewe gharama za chupa na sindano. Mkulima anayetoa robo eka anaweza kabisa kukataa ujira, na wengi wangeukataa kwa heshima zao. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kumwacha na hasara. Kutoa ni hiari, kupoteza chakula cha watoto bila kuambiwa mapema si hiari.

Watakaonipinga watasema mkulima tayari ana faida, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuipata mbegu bora. Tuipime hoja hiyo kwa zao moja moja. Maharage hujichavusha yenyewe. Mbegu nzuri ya maharage iliyojaribiwa kwa mkulima mmoja leo, kesho imeombwa na shemeji, keshokutwa imeuzwa kwa kikombe sokoni, na baada ya misimu mitatu imevuka kata. Faida ni ya wote, hatari ilikuwa ya mmoja. Mahindi chotara ni kinyume chake: mbegu haiwekwi, hununuliwa upya kila mwaka, kwa hiyo aliyelitoa shamba lake ili chotara ithibitishwe atasimama katika foleni ya duka la pembejeo sawasawa na aliyekaa kibarazani akimtazama. Katika mazao yote mawili hakuna faida ya pekee ya kumlipia hasara yake. Panapo faida ya wote, gharama nayo iwe ya wote.

Kuna na suala la haki. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mbegu za Mimea, na mwaka 2015 Tanzania ikaingia katika umoja wa kimataifa wa UPOV unaolinda haki hizo. Mgunduzi wa mbegu, awe taasisi ya umma au kampuni, anaweza sasa kudai mrabaha kwa mbegu yake inapozalishwa na kuuzwa. Sina ugomvi na hilo; mtafiti aliyetumia miaka kumi kuchagua mimea anastahili. Lakini ilipokuwa sayansi ni mali ya umma na mbegu hutolewa bila mrabaha, mkulima aliyetoa shamba alikuwa akiwapa wenzake. Mahali ambapo mbegu imekuwa bidhaa yenye mwenyewe, na pengine mwenyewe ni kampuni, yule anayeijaribu bure anaipa kampuni zawadi. Sijui ni mantiki gani inayomtaka mwenye eka moja na nusu amfadhili mwenye kiwanda.

Serikali yenyewe imekwisha kuonyesha njia katika sekta nyingine. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa vijijini walifanya kazi kwa jina la kujitolea, wakitembea nyumba kwa nyumba, wakilipwa na mradi huu na kusahauliwa mradi ulipokwisha. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa Taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye posho ya kila mwezi. Hapana aliyesema kwamba moyo wao wa kizalendo umekufa siku hiyo. Ilikubaliwa tu kwamba kazi ya kila siku si zawadi.

Na ieleweke kwamba neno kujitolea lina historia nchini mwetu ambayo si yote ya kujivunia. Katika miaka ya kwanza ya Uhuru watu walijenga madarasa, zahanati na barabara kwa mikono yao, kwa furaha. Baadaye, mahali pengine, kujitolea kuliitiwa mgambo, na asiyefika alitozwa. Mwananchi aliyekwisha kuonja kujitolea kwa aina hiyo hushtuka anaposikia neno hilo kutoka ofisini, naye ana haki ya kushtuka. Hatuwezi kumtibu kwa hotuba.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kabla ya mbegu kushushwa kutoka katika gari, pawepo mapatano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya serikali ya kijiji. Yaseme ni ploti ngapi, na ni zipi zimewekwa kwa makusudi bila dawa au bila mbolea. Yaseme kwamba mavuno ya ploti hizo yakipungua chini ya wastani wa mashamba ya jirani, tofauti italipwa kwa magunia au kwa thamani yake. Jirani wa upande upepo unakokwenda atajwe pia. Siku ambazo mkulima anafanya kazi isiyo ya kilimo chake, kama kupima, kuhesabu mimea, kuandika katika daftari na kupokea wageni, zilipwe kwa kiwango cha siku cha kibarua wa pale kijijini, kiwango kimoja kwa wote, kisipande wala kushuka kwa sababu matokeo yamempendeza au hayakumpendeza mtafiti. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa: asipewe mtu zawadi ya mavuno mazuri katika jaribio, la sivyo tutapata mavuno mazuri katika daftari tu. Na pale ambapo mbegu iliyojaribiwa itakuja kuingiza mrabaha, sehemu yake irudi katika vijiji ilikojaribiwa, kwa darasa au kwa kisima, na majina ya waliotoa mashamba yaandikwe katika taarifa, kama walivyoandikwa wenye kompyuta.

Fedha zitatoka wapi? Zitoke pale pale zinapotoka za ukaguzi. Andiko la utafiti lenye kifungu cha posho za safari na lisilo na kifungu cha fidia ya wakulima lirudishwe kwa mwandishi wake likakamilishwe, na wafadhili wa nje waelezwe hivyo. Wao kwao hawafanyi utafiti kwa mtu bila kumhakikishia hayo. Wakuu wa shule wenye vipimo vya mvua, na walimu wanaowasaidia watafiti kukusanya takwimu, nao wapewe angalau vitu viwili: gharama zao, na nakala ya matokeo.

Suala la matokeo lina wakati wake. Mkulima wa Inyala au wa Kilolo hununua mbegu Oktoba na kupanda mvua zikianza Novemba. Taarifa ikimfikia Februari, hata ikiwa imechapwa vizuri namna gani, imemkuta shamba limekwisha kupandwa aina ile ile ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuthibitisha kwamba haifai. Kwa hiyo matokeo ya msimu uliopita yasomwe kijijini mwezi Septemba, katika mkutano ule ule ambapo mapatano ya msimu ujao yatatiwa saini. Nakala moja ibaki kwa ofisa mtendaji wa kijiji, na nyingine aichukue mwenye shamba akaiweke nyumbani kwake.